Ndimu za Mama na Vichupa vya Rangi

Mimi nimepika shughuli za watu hapa Morogoro tangu Kihonda ikiwa pori. Harusi nimepika, misiba nimepika, maulidi na kipaimara vyote nimepika, kwenye sufuria langu sina ubaguzi wa dini. Shule niliacha darasa la pili, maana mama alitaka mtu wa kumsaidia kushusha ndizi kutoka Kinole, kwetu milimani Uluguru, na dada yangu alikuwa ameshaolewa. Nyumba ninayokaa nimeijenga kwa mwiko. Vyumba viwili vya uani nimepangisha. Sijawahi kumpigia mtu magoti. Na katika miaka yote hiyo, hakuna aliyekula chakula changu akaishia hospitali. Hilo nilikuwa nalisema mbele za watu, kwa sauti, hata nisipoulizwa.

Siku hizi silisemi.

Kila mwaka tunamsomea mama hitima, na inasomewa kwangu mjini kwa sababu kwangu kuna uwanja na kuna maji ya bomba. Dada anashuka kutoka Kinole, anakokaa kwenye nyumba ya mama. Amenipita miaka minane. Tumebaki sisi wawili tu, tumbo moja. Akija haji na kitu kingine ila kikapu cha ndimu, zilizochumwa kwenye mti uleule ulio nyuma ya jiko la mama. Ndimu za sokoni mimi sizitaki. Ya mama ina ganda jembamba, ukiikamua inakurukia machoni.

Mama alitufundisha kwamba kuku anaoshwa kwa ndimu na chumvi. Shombo ikiondoka, uchafu nao umeondoka. Ndivyo nilivyojua, ndivyo nilivyowafundisha wasichana wote waliopita jikoni kwangu. Beseni lililokaa kuku mbichi sioshi kwa sabuni, sabuni inaacha harufu kwenye nyama. Nasugua kwa maganda ya ndimu, napitisha maji mara moja, basi. Kuku akitoka kwenye mafuta anarudi kwenye beseni lilelile, nafunika kwa kitambaa cheupe, anasubiri pilau. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Nalieleza kama lilivyo, sina sababu ya kulificha tena.

Siku ile ya hitima, Jumapili, ilikuwa ni ule wakati wa joto kabla ya mvua, milima imejificha kwenye ukungu wa vumbi na hakuna hata upepo. Kuku nilimaliza kuwakaanga asubuhi mapema. Kisomo kilichelewa, shehe alikuwa na msiba mwingine. Watu walikula baada ya adhuhuri, tena muda mrefu baada ya adhuhuri. Walikula wakasifu. Dada alikula mapaja mawili, akanifinya mkono, akasema, "Mdogo wangu, mama angekuwepo angeomba na ukoko."

Jumatatu alfajiri nilimsikia chooni. Nikadhani ni mambo ya uzee. Kulipokucha vizuri alikuwa ameshatoka na kurudi mara ambazo sikuweza kuhesabu, na mwili wake unawaka. Saa nne alikuwa hawezi kusimama. Nikampakia kwenye bajaji, kichwa chake kwenye mapaja yangu, mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Tukiwa njiani simu yangu ikaanza kuita. Jirani wa nyuma. Kisha mke wa shehe. Kisha mtani wetu wa ukoo, mzee mmoja asiyeshindwa maneno hata akiwa anatapika.

"Mpishi!" akanipigia kelele. "Mwaka huu umeamua kutumaliza ukoo mzima?"

Siku nyingine ningemjibu hadi akate simu mwenyewe. Siku hiyo nilikata mimi.

Wodini walimtundikia maji. Muuguzi, binti mdogo mwenye kalamu nyuma ya sikio, akaniuliza, "Bibi amekula nini?"

"Amekula kwangu."

"Kula kwako ndiyo, lakini alikula nini?"

"Nimekwambia amekula kwangu!" Nikaona watu wa vitanda vya jirani wanageuka. Nikatulia, nikamtajia: pilau, kuku, kachumbari. Akaandika. Sijui kama aliniandika na mimi.

Walichukua choo chake wakapime. Wakasema majibu yatachukua siku tatu, labda nne, kwa sababu wadudu wenyewe lazima waoteshwe kwanza. Mimi nikawa najiuliza: nikiambiwa ni wadudu, nitaambiwa walitoka wapi? Kwenye mkono wangu? Kwenye maji ya bomba? Kwenye nyanya za sokoni? Maana hospitali zetu mgonjwa analetewa chakula na ndugu zake, na dada ndugu yake wa karibu ni mimi. Dawa aliyopewa ilitaka tumbo lenye kitu. Nani ampikie? Kwa mkono upi? Hilo ndilo nililotaka kujua. Sikuwa na shida na aibu, aibu nitazikwa nayo. Nilitaka kujua kama naweza kumpikia dada yangu.

Jioni nikarudi nyumbani kuchukua kanga zake. Mpangaji wangu, binti wa Bukoba anayesoma chuo kule upande wa Mazimbu, alikuwa uani anaanua nguo. Wakati wa hitima hakuwepo, alikuwa kwa rafiki zake. Binti huyu tulikuwa tunataniana sana. Nilikuwa namwambia, "Miaka minne unasomea chakula, na ugali hujui kuusonga," naye ananijibu, "Bibi, sisomei kupika, nasomea kisichotakiwa kwenye chakula." Nilikuwa nacheka. Nikidhani ni kisingizio cha mvivu.

Nilipomweleza, aliweka nguo chini.

"Bibi, chakula kimebaki?"

"Kuku wapo kwenye friji. Na wali wa pilau kidogo. Kachumbari iliisha."

"Basi kesho asubuhi niletee chuoni kidogo kidogo. Usiguse, usipashe moto, lete kama kilivyo. Ninacho kipimo. Hakihitaji siku tatu. Nusu saa, dakika arobaini, rangi inabadilika, tunajua." Akanishika bega. "Na ukishatoa cha kupima, kilichobaki chote mwaga, mtu mwingine asije akala."

Nikamuuliza kipimo gani hicho cha nusu saa, wakati hospitali nzima inasubiri siku tatu. Akanieleza hapohapo, tumesimama kati ya kamba za nguo. Kila mdudu, alisema, ndani yake ana maandishi yake. Kipimo chake kinatafuta mstari mmoja tu wa maandishi hayo, mstari ambao mdudu mwingine hana. Kikiukuta, kinaunakili, na nakala nazo zinanakiliwa, mpaka zinakuwa nyingi kupita kiasi, na maji ya kwenye kichupa yanageuka rangi. Kisipoukuta, maji yanabaki yalivyo.

Nikajisemea, haya. Mimi niliishia darasa la pili, kumbe hata mdudu wa tumboni ana maandishi.

Sasa nisikilizeni nilichofanya.

Asubuhi nilifungua friji. Umeme ulikuwa umekatika usiku na kurudi, na kuku walikuwa wameanza kutoa kaharufu. Si kuoza, kaharufu tu. Mimi, mpishi wa mji huu, nipeleke kuku wa shombo chuoni, wasomi wafunue kopo wazibe pua? Wanasema huyo ndiye bibi mpishi? Sikuweza. Aliniambia nisiguse, nilimsikia vizuri, sina matatizo ya masikio. Lakini moyoni nikaona kugusa ni kupasha moto, ni kutia viungo. Ndimu si kugusa. Ndimu ni usafi. Nikachukua makopo mawili ya plastiki, nikayasugua kwa ndimu na majivu mpaka yakalia. Nikaweka kuku kwenye moja, wali kwenye lingine, nikakata ndimu mbili za mama nikazikamua juu, nikachanganya vizuri, nikafunika. Harufu ikawa nzuri. Kilichobaki nikakimwaga shimoni, nikafukia, maana hilo niliambiwa na hilo nililitii. Mbao, visu na mabeseni nilishavisugua tangu juzi yake, kwa ndimu vilevile.

Nikapanda bodaboda na kikapu changu kama naenda kupeleka posa.

Maabara yao ni chumba cha kawaida, meza ndefu na mabomba. Alinivalisha koti jeupe lililonifika visigino, akanikalisha kwenye kiti karibu na dirisha. Akatoa vichupa vyenyewe. Nilitegemea kitu kikubwa. Vilikuwa vidogo kama kidole cha mtoto mchanga, vimepangwa kwenye kibao chenye matundu, na ndani yake maji ya rangi ya waridi, kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji.

"Bibi, ikibaki hivi, hakuna mdudu. Ikiwa njano, yupo." Akanionyesha viwili vya pembeni. "Hiki nimeweka maji matupu, lazima kibaki waridi. Hiki nimeweka maandishi ya mdudu mwenyewe makusudi, lazima kiwe njano. Ndio mashahidi wetu."

"Njano ndiyo mbaya?"

"Njano ndiyo mbaya."

Akakata kuku wangu kipande kama punje ya mahindi, akakisaga, akakichemsha kwenye maji kidogo, akavuta tone kwa kalamu yake ya kunyonyea. Nilikuwa nimeshika kiti changu pande zote mbili kwa mikono. Akadondosha.

Kikawa njano.

Palepale. Hajakiweka hata kwenye kidude cha umeme cha kuvipasha moto. Akadondosha tone la wali kwenye kingine. Njano. Njano safi, kama yai la kienyeji.

Sikulia. Nikaona mabeseni yote niliyowahi kuinamia. Nikawaona maharusi, wafiwa, watoto wa kipaimara wenye soksi nyeupe. Nikasema, "Basi ni mimi."

Lakini binti alikuwa amekunja uso. "Hapana, Bibi. Subiri. Haiwezi kuwahi hivi. Kile cha mdudu wa makusudi bado ni waridi, unakiona? Hakuna kunakili kunakoanza kabla ya moto." Akainamia kopo, akanusa. Akaniangalia. "Bibi, umetia nini humu?"

"Sijatia kitu."

"Bibi."

"Ndimu. Ndimu tu."

Aliweka mkono mdomoni. Sijui alitaka kucheka au kulia, nadhani vyote. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akanieleza taratibu kama mimi ndiye mjukuu. Maji yale yanageuka njano kwa sababu yanakuwa makali. Maandishi yanaponakiliwa, yanatoa ukali kidogo kidogo, na rangi inaufuata. Ukitia ndimu, ukali umeshafika kabla ya kila mtu. Kichupa hakiwezi kutofautisha ukali wa mdudu na ukali wa ndimu.

"Kwa hiyo hakuna mdudu," nikasema.

"Sijasema hivyo."

"Kwa hiyo yupo."

"Sijasema hivyo pia, Bibi. Nasema sijui."

Alijaribu. Lazima niseme alijaribu, mtoto wa watu. Alitia dawa ya kuupoza ule ukali, rangi ya waridi ikarudi, akaviweka vyote kwenye kidude cha moto, tukakaa. Dakika arobaini. Nje wanafunzi wanapita wanacheka, mtu anapiga mluzi. Nilikuwa nasimama kila mara kuchungulia, ananirudisha: "Bibi, kaa, ukivitazama haviivi haraka." Mimi mwenyewe nimewaambia wasichana maneno hayo jikoni mara ngapi.

Alipovitoa, cha maji kilikuwa waridi. Cha mdudu wa makusudi kilikuwa njano. Vyangu viwili havikuwa waridi wala njano. Vilikuwa rangi ya embe bovu, rangi isiyo na jina. Akaviinua kwenye mwanga wa dirisha, akavigeuza, akavishusha.

"Siwezi kuandika kitu hapa," akasema. "Hiki si ndiyo, wala si hapana. Ungekuwa na kipande kingine ambacho hakijaguswa, ningerudia."

"Nimefukia."

"Vyombo?"

"Nimevisugua."

"Kwa ndimu?"

"Kwa kitu gani kingine?"

Kisha nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa tangu alipoanza kunieleza. Nikasema, nikiosha beseni la kuku mbichi kwa ndimu, halafu nikarudishia humo kuku aliyeiva, ndimu si inaua? Alitazama mikono yake. "Inaondoa harufu, Bibi," akasema. "Kinachoua ni moto. Na sabuni inaondosha. Ndimu peke yake..." Hakumalizia. Ni binti mwenye adabu.

Niliondoka na makopo yangu. Hata sijui kwa nini niliyachukua.

Siku ya nne majibu ya hospitali yalitoka: salmonela, jina la wadudu wenyewe. Muuguzi alilisoma neno mara mbili ili nilishike. Nikamuuliza, "Wametokea wapi?" Akasema karatasi haisemi hivyo, karatasi inasema wapo tu. Na wagonjwa wengine walikuwa wameshapona majumbani kwao, mtani wetu naye alishaanza kuja wodini kutangaza kwamba amenusurika sumu ya Waluguru. Watu wote walicheka, hata wa vitanda vya jirani. Kila mtu alikuwa ameshasamehe, au ameshasahau. Hakuna aliyenishitaki. Hilo ndilo lililokuwa baya. Ningeshitakiwa ningejua pa kuanzia kubisha.

Dada hakupona haraka. Homa ilishuka, lakini hakutaka kula. Daktari alisema asipokula atarudi nyuma, umri wake hauna akiba. Nilinunua uji kwa mama mmoja nje ya geti la hospitali. Mimi, kununua uji! Nilimwangalia yule mama anavyosuuza vikombe kwenye ndoo moja, nikataka kumfokea, nikakumbuka sina tena haki hiyo. Dada akaonja kijiko kimoja, akageuzia uso ukutani.

"Nani kapika?"

"Kunywa tu, dada."

"Huu si wako."

Kesho yake nikamwomba mpangaji wangu apike yeye. Nikamsimamia bila kugusa kitu, mikono nimeifunga nyuma kama mfungwa. Ulitoka na mabonge. Dada alionja, akaniangalia kwa yale macho yake ya kuniangalia tangu nina miaka mitano.

"Wewe umefanywa nini? Mikono imekatika?"

Nikamweleza. Sikumficha hata kimoja: beseni, ndimu, vichupa, ile rangi isiyo na jina. Nikamwambia, dada, sijui kama ni mimi niliyekulaza hapa, na sitajua kamwe, kwa sababu kilichoweza kusema nimekifukia kwa mkono wangu. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea aseme si wewe. Nilimtaka aseme hivyo kuliko kitu chochote duniani. Mkubwa wako akisema, linakuwa.

Hakusema. Alitazama maji yakidondoka kwenye mrija. Halafu akasema, "Ndimu nilizileta mimi."

"Ndimu hazina kosa."

"Nani anajua? Wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi na mimi sijui. Nenda kapike uji. Wa kwako. Na ndimu ukamue hapahapa nione, mdomo wangu hauna ladha."

Nilienda nyumbani. Niliosha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, nikaosha tena. Nilichemsha sufuria tupu na maji kabla ya kuanza, nikalimwaga, nikalichemsha tena. Uji wa kawaida unaiva kwa robo saa. Niliuacha ukatokota hadi mpangaji akatoka chumbani kuuliza kama naungua. Thamosi niliisuuza kwa maji yanayochemka, ikaniunguza vidole. Kisu nacho. Ndimu nayo niliiosha kwa sabuni, ganda lote, nikajiona kama mwendawazimu anayeogesha tunda.

Wodini nikamimina kwenye kikombe. Nikakata ndimu mbele yake, mbegu ikaanguka kwenye shuka. Mkono huu ulishapakua sufuria la watu mia nne bila kumwaga punje. Nikakamua. Nikamnyanyua kichwa.

Akanywa. Akapumzika. Akanywa tena mpaka kikaisha, akajifuta kwa pembe ya kanga, akafumba macho.

Mimi nikavuta kiti karibu. Sikuondoka kwenda kuswali, sikuondoka hata muda wa kuona wagonjwa ulipoisha na yule muuguzi wa kalamu akaja mara mbili kunikumbusha. Nilikuwa namwangalia usoni, mashavuni, kwenye midomo, kama nilivyoviangalia vile vichupa dirishani. Nikimwona amesogeza mguu, nainuka kitini. Akikunja uso, nashika ndoo.

Alifumbua jicho moja.

"Unaniangalia nini?"

"Sikuangalii."

"Nenda nyumbani ukalale. Na kesho usichelewe, naamka na njaa."

"Nitaleta," nikasema.

Nikakusanya kikombe na thamosi. Maganda ya ndimu nikayafunga kwenye karatasi nikayatia mfukoni. Nikasimama mlangoni, nikamtazama tena mara moja. Uso wake ulikuwa na rangi yake ya kila siku, si waridi wala njano. Hiyo haikuniambia kitu.